Mpangaji Akichelewesha Kodi, Usiguse Mlango

Mazungumzo kwa wenye vyumba vya kupangisha



Leo tunataka tuzungumze juu ya kodi ya nyumba. Si kodi ya Serikali, hapana. Tunasema kodi ya pango, ile hela ambayo mpangaji anamlipa mwenye nyumba.

Zamani katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita jambo hili lilikuwa la mjini tu. Mgeni akija kijijini anapewa pa kulala. Akitaka kukaa, anaonyeshwa mahali, anajenga. Lakini tazameni leo. Nendeni Katoro, nendeni Nyarugusu, Kakola, Maganzo, mpaka Kahama. Kila penye dhahabu, au almasi, au soko kubwa, pana vyumba vya kupangisha. Mkulima akiuza pamba anafyatua tofali, anachoma, anajenga vyumba viwili vitatu, anaezeka bati, anatafuta mpangaji. Kodi ile ndiyo sare ya mtoto. Ndiyo sabuni. Ndiyo dawa mama akiumwa. Kwa hiyo mpangaji akichelewa kulipa, si jambo dogo. Mwenye nyumba naye ana tumbo.

Sasa tuulizane. Mpangaji amechelewa mwezi wa kwanza. Amechelewa wa pili. Amechelewa wa tatu. Utafanya nini?

Mmoja wetu aling'oa mlango.

Alikuwa na vyumba vitatu karibu na Katoro. Mpangaji wake mmoja alikuwa kijana anayefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kodi ilikuwa sh. 30,000 kwa mwezi. Mwenzetu alihesabu miezi mitatu, yaani sh. 90,000. Akaenda asubuhi, hakumkuta kijana. Akaenda jioni, hakumkuta. Hasira ikampanda. Akachukua nyundo na bisibisi, akaung'oa mlango, akaupeleka kwake na kuusimamisha nyuma ya kitanda. Akasema, "Sasa atanitafuta yeye."

Na kweli alitafutwa. Usiku ule wezi waliingia chumba kile kisicho na mlango. Walichukua godoro, redio na baiskeli. Kesho yake kijana alifika na mwenyekiti wa kitongoji. Watu wakakaa chini ya mwembe. Mwenyekiti akamwuliza mwenzetu, "Mzee, unadai miezi mitatu. Karatasi iko wapi?" Karatasi haikuwepo. Kijana akasema yeye anadaiwa mwezi mmoja tu, ile miwili alimpa mtoto wa mzee, mzee akiwa shamba. Mtoto akaitwa. Akasema ni kweli alipokea hela, lakini hakumbuki ni mara moja au mara mbili. Basi, mzee angesema nini tena?

Mwisho wake walikubaliana hivi. Vitu vilivyoibiwa, sh. 150,000. Deni la kodi, sh. 30,000. Mzee atoe sh. 120,000. Alikwenda kudai, akarudi anadaiwa. Mwezi ule aliuza mbuzi wawili.

Tunalisema jambo hili kwa sababu wengi wetu tunadhani nyumba ikiwa yangu, basi na mlango ni wangu, nitafanya nitakavyo. La hasha. Ukishampangisha mtu chumba, umempa haki ya kukaa humo kwa utulivu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo. Kung'oa mlango, kuezua bati, kubadili kufuli, kumtolea vyombo nje, kumchukulia redio iwe dhamana, yote haya ni kujichukulia sheria mkononi. Hata kama anadaiwa mwaka mzima. Anayeweza kuamuru mtu atolewe chumbani ni baraza lenye madaraka hayo au mahakama.

Wazee wenzetu watakumbuka kwamba palikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipande ovyo, ya mwaka 1984, na mabaraza ya nyumba ya mikoa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi kodi ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Mkipatana vizuri mwanzoni, ugomvi unapungua. Mkipatana kwa kukonyezana, mtaonana barazani.

Haya, tuje kwenye swali lenyewe. Kwa nini mtu anachelewa?

Wako wanaochelewa kwa ujeuri. Hela anayo, anakunywa, anakupita njiani akipiga mluzi. Hao wapo, tutafika kwao. Lakini katika nchi yetu hii ya dhahabu na pamba, wengi wanachelewa kwa sababu hela yao haiji kwa mwezi. Mwenye nyumba amesema, "Kodi ni kila tarehe moja." Nani alimwambia kwamba dhahabu inajua tarehe moja?

Fikirini kijana anayechimba katika duara. Wengi wao hawana mshahara. Mwenye duara anawapa chakula, na mawe yakipatikana wanagawana mifuko. Duara likiwa bado halijafika kwenye mwamba wenye dhahabu, anaweza kukaa miezi bila senti. Mvua ikinyesha sana, maji yanajaa shimoni, kazi inasimama. Halafu siku moja duara linatema. Siku hiyo ana hela ya kodi ya miezi sita mfukoni. Wiki ya pili yake imekwisha. Sasa ukimwambia mtu huyu alipe sh. 30,000 kila tarehe moja, mtagombana kila tarehe moja. Lakini ukipatana naye tangu mwanzo kwamba duara likitema alipe la nyuma lote na miezi mitatu ya mbele, na kwamba katika miezi ya kiangazi cha hela atatoa hata sh. 10,000 ya kuonyesha nia, hapo mnaweza kukaa.

Mwalimu au mganga wa zahanati ni mwingine. Mishahara ya Serikali hutoka siku za mwisho wa mwezi. Ukimdai tarehe 15 unamdai wakati mbaya kuliko wote. Mpangie tarehe 30. Mkulima aliyepanga chumba sokoni ili watoto wawe karibu na shule, huyo hela yake ni ya pamba, na ununuzi wa pamba huanza kama mwezi wa tano. Mama anayeuza chakula au mwenye bodaboda anapata kidogokidogo kila siku. Huyo usimwambie alete sh. 30,000 kwa mpigo. Chukua sh. 7,500 kila wiki, mara nne ni sh. 30,000. Kuna akina mama wanaolipa hivyo mwaka mzima bila kuulizwa mara ya pili.

Na wako wanaopatwa na jambo. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mchanga wa dhahabu, yaani makinikia, usisafirishwe nje ya nchi. Mwezi wa tisa mwaka huohuo kampuni ya Acacia ilitangaza kupunguza kazi katika mgodi wa Bulyanhulu, na wafanyakazi wengi walipoteza ajira. Watu hao walikuwa wamepanga nyumba Kakola na Kahama. Mwaka 2021 mgodi wa Buzwagi nao ulimaliza kazi yake ya uzalishaji. Mtu aliyeachishwa kazi, utamtukana mpaka ukauke koo, hela haitatoka. Kwa mtu wa namna hiyo ni afadhali kukaa naye mapema: deni lililopo ni kiasi gani, atalilipa kwa mafungu mangapi, na je, anaweza kuhamia chumba kidogo cha kodi ndogo? Mpangaji aliyehama kwa amani mara nyingine hurudi kulipa. Aliyefukuzwa kwa matusi hupita usiku na godoro lake, humwoni tena.

Sasa ndugu zetu, tumesema mapatano, mapatano. Mapatano ya mdomo au ya maandishi? Sheria ya Ardhi inakubali pango la mwaka mmoja au pungufu lifanywe hata kwa mdomo. Ni pango halali. Lakini mzee wa Katoro naye alikuwa na pango halali! Kilichomwangusha ni kukosa ushahidi.

Sisi watu wa kanda hii tusiwe na kisingizio. Majaribio ya kisomo chenye manufaa yalianzia huku kwetu mwaka 1968, UNESCO wakisaidia, katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera. Geita wakati huo ilikuwa ndani ya Mwanza. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba na migomba na uvuvi. Baba zetu waliweza kusoma mizani ya pamba ili wasipunjwe. Na sisi tushindwe kuandika sh. 30,000?

Nunua daftari. Kila mpangaji mpe ukurasa wake. Juu andika jina lake, chumba chake, siku aliyoingia, kodi ya mwezi, na siku mliyopatana alipe. Chini piga mistari, upate sehemu nne: tarehe, alicholipa, kilichobaki, sahihi. Akileta sh. 20,000 katika deni la sh. 90,000, andika alilipa 20,000, imebaki 70,000. Yeye atie sahihi, wewe utie sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Mpe na yeye karatasi yake ya kupokelea. Akilipa kwa simu, usitegemee ule ujumbe tu, maana simu huibiwa na kuharibika. Andika daftarini siku ileile. Na mwambie kila mtu nyumbani, mtoto asipokee kodi.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi, mashahidi wawepo, nakala mbili. Ni vizuri mkauliza ofisi ya TRA habari ya ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa usitumike kama ushahidi. Wengi hawalijui hili mpaka siku wanaposimama mbele ya baraza na karatasi yao nzuri.

Tumwendee sasa yule mwenye hela asiyetaka kulipa. Kwanza mwone ana kwa ana, asubuhi, akiwa hajanywa, wala si mbele ya mke wake na wapangaji wenzake. Mtu akiaibishwa anakuwa mbishi. Mwonyeshe daftari. Mpe siku. Siku ikipita, mwandikie notisi. Notisi si matusi, wala si ndefu. Inaweza kuwa hivi:

"Kwa ndugu ............, mpangaji wa chumba changu kilichopo kitongoji cha ............
Mpaka leo tarehe ............ unadaiwa kodi ya miezi ......, jumla sh. ............
Nakuomba ulipe deni hili lote katika siku 30 tangu leo. Usipolipa, nitapeleka shauri hili barazani ili pango letu livunjwe na deni lilipwe.
Mimi mwenye nyumba ............ Sahihi ............
Nimepokea, mpangaji ............ Shahidi ............"

Andika mbili. Moja mpe, nyingine abaki nayo mwenye nyumba ikiwa na sahihi ya mpangaji. Akikataa kutia sahihi, mwite mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe ashuhudie kwamba amepewa. Siku 30 tumeziweka kwa sababu anayelipa kodi kwa mwezi asipewe notisi iliyo chini ya mwezi. Msiandike "uhame kesho". Notisi ya kesho ni karatasi ya kumpa mpangaji ushindi.

Siku 30 zikipita bila kitu, nenda barazani na daftari, mkataba na notisi. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Juu yake kuna Baraza la Kata. Hapa muwe macho, maana mambo yamebadilika. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaamua kesi. Tangu mwaka 2021 halina tena kazi hiyo, linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuonyesha kwamba limeshindwa. Hati hiyo ndiyo unayokwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako kesi inasikilizwa na amri inatolewa. Siku 30 zikipita kata haijawapatanisha, unaweza kwenda wilayani hata bila hati; ukienda kabla ya hapo bila hati ya kata utarudishwa, na nauli yako imekwenda.

Tunajua mtasema safari hiyo ni ndefu kwa deni la sh. 90,000. Ni kweli, ni ndefu, na sisi hatupendi kuificha. Ndiyo maana wengi wanaofika kata na daftari zao humaliza palepale. Mpangaji akiona tarehe na sahihi yake mwenyewe mbele ya wazee na akina mama wa baraza, mara nyingi anaomba apewe mafungu. Mkikubaliana mafungu, yaandikwe palepale: fungu la kwanza lini, la pili lini, na asipoleta itakuwaje. Wote mtie sahihi.

Yule mzee wa Katoro ana daftari sasa. Mlango aliurudisha siku ileile, akanunua na komeo jipya kwa hela yake. Kijana wa karasha bado amepanga pale, analipa kila Jumamosi baada ya soko, na mtoto wa mzee ndiye anayeandika.