Kuzalisha Mafunjo ya Mapambo Bila Kuchimba Mtoni: Mada kwa Wazalishaji wa Miche



Mafunjo ya kuuza hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kushuka bondeni na jembe, ukang'oa shina zima na tope lake, ukalipakia kwenye toroli. Ya pili ni kukata kichwa kimoja kwa mkasi na kukitia majini. Ile ya kwanza inaonekana ya haraka, kwa kuwa jioni hiyohiyo una mmea mrefu wa kumwonyesha mteja. Mimi nimekuja kutetea ya pili, na ninaitetea kwa sababu za kibiashara kabla hata ya sababu za mazingira.

Shina lililong'olewa mtoni limekatika mizizi mingi, na mabua yake marefu yanaendelea kudai maji. Wiki ya pili mabua hayo yananyauka, mteja anarudi na lawama. Halafu tope la mtoni haliji peke yake. Linakuja na mizizi ya magugu mengine na konokono, na baadhi ya konokono wa maji baridi ndio wanaoeneza kichocho. Hiyo si zawadi ya kupeleka kwenye bwawa la mapambo ambamo watoto hutia mikono wakicheza. Na sheria nayo ipo: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mwenye jembe kwenye ukingo wa mto hana cha kujitetea.

Mmea wenyewe

Aliyewahi kupalilia ndago tayari anamjua jamaa wa mmea huu. Ndago, mafunjo makubwa ya Ziwa Victoria na mmea ambao katika mada hii nitauita mwavuli yote ni ya jenasi moja, Cyperus. Biringisha bua la ndago kati ya vidole viwili utasikia pembe zake tatu. Za mwavuli zimefifia, bua lake linakaribia kuwa la mviringo, lakini ndani ni lilelile: limejaa, halina uwazi wa mwanzi, na nyama yake ni ya sponji yenye vijia vya hewa. Kwa vijia hivyo hewa huteremka hadi kwenye mizizi iliyozama kwenye tope. Ndiyo maana mmea huu unastawi pale ambapo mchungwa ungekuwa umeoza zamani.

Kwa soko letu tuna aina tatu za kuzingatia. Mwavuli ni Cyperus involucratus, ingawa vibao vingi vya bustani duniani huuandika Cyperus alternifolius, ambao hasa ni wa Madagaska. Asili ya mwavuli ni Afrika na Rasi ya Arabia, kwa hiyo hapa uko kwao. Hufikia sentimita 60 hadi mita moja na nusu. Mafunjo makubwa, Cyperus papyrus, yanaweza kupita mita nne na yanataka bwawa au pipa, si chungu cha barazani. Ya tatu ni Cyperus prolifer, mafunjo madogo ya ukanda wa pwani kuanzia huku kwetu kwenda kusini. Hayafiki mita moja na yanatosha kwenye bakuli. Sioni kwa nini aina hii ya tatu haijapewa nafasi kwenye meza zetu; kwa nyumba za ghorofa zenye vibaraza vyembamba, ndiyo inayofaa kuliko zote.

Sasa tukitazame kichwa cha mwavuli kwa karibu, maana kazi yote iko hapo. Zile mbavu za kijani zilizotandazwa juu ya bua watu huziita majani. Kwa kweli ni brakti, yaani majani yanayokaa chini ya maua. Majani ya kawaida yamebaki kuwa ala za kahawia tu, zimelikumbatia bua huko chini kwenye kitako. Shika brakti moja, ivute taratibu kuelekea chini, uchungulie kwapani mwake. Pale inapoungana na bua pana jicho dogo lililolala. Kichwa kimoja kina brakti kumi na kitu, wakati mwingine ishirini na zaidi, na makwapa ni hayohayo kwa idadi.

Porini bua likizeeka huinama, kichwa kikagusa maji au tope, na macho yale yakaamka. Yanatoa mizizi na vichipukizi mahali papya, hatua moja kutoka kwa mama. Sisi tunaharakisha tu jambo ambalo mmea umezoea kulifanya.

Kuotesha kichwa

Chagua bua lililokomaa, la kijani kibichi, ambalo ncha za brakti hazijaanza kukauka. Vichwa vichanga ambavyo brakti hazijafunguka huoza. Vizee vya manjano huchelewa au havioti kabisa. Kata bua sentimita tatu hadi tano chini ya kichwa. Kisha chukua mkasi upunguze brakti kwa nusu au zaidi, kwa kuwa kichwa kisicho na mizizi hakiwezi kulisha mbavu ndefu zinazopoteza maji mchana kutwa. Punguza na vishada vya maua, havina kazi tena.

Baada ya hapo pindua. Kichwa kinakaa juu chini: brakti zimelala majini, kitako cha bua kinatazama juu. Beseni lenye maji ya kina cha sentimita tano hadi nane linatosha. Liweke penye mwanga lakini si penye jua la moja kwa moja, kwa sababu beseni la plastiki likipigwa na jua la saa saba pwani maji yake yanapata moto na macho yanakufa. Ndani ya wiki mbili hadi tatu utaona nyuzi nyeupe za mizizi na ncha za kijani zikitoka kwapani. Nyanda za juu, kama Lushoto au Njombe mwezi Juni na Julai, subira inahitajika zaidi, na kufunika beseni kwa nailoni inayopitisha mwanga kunasaidia kuhifadhi joto. Pwani usifunike.

Ipo njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa Dar es Salaam na Tanga. Badala ya maji matupu, jaza beseni lisilo na tundu mchanga uliooshwa, umwagie maji mpaka yakaribie uso wa mchanga bila kutuama juu. Chomeka kile kipande cha bua wima hadi brakti zilale juu ya mchanga na kuugusa, kisha ziwekee kokoto mbili tatu zisiinuke. Mizizi inayoota mchangani ni migumu kidogo kuliko ya majini, na mche haushtuki unapohamishwa. Faida kubwa kuliko hiyo ni kuwanyima mbu maji ya wazi, nitawafikia.

Vichipukizi vikifika urefu wa kidole na kila kimoja kikiwa na mizizi yake, vitenganishe kwa kisu kikali na kupanda kila kimoja peke yake, au panda kichwa kizima upate kichaka mapema. Anayeuza rejareja kwa wingi atatenganisha. Anayehudumia hoteli atapanda kizima.

Neno kwa wale wenye ndugu wanaopamba kumbi za harusi: mabua ya mwavuli hutumiwa sana kwenye mashada makubwa. Siku ya pili yake hutupwa. Yakiwa yamekaa majini usiku kucha na hayajanyauka, vichwa vyake ni mbegu ya bure.

Pale kichwa kisipofaa

Mafunjo makubwa hayakubali mchezo huu kwa uhakika. Vichwa vyake vingi huoza. Badala yake gawanya shina. Kata kipande cha mzizi mnene chenye ncha inayokua na angalau mabua mawili, fupisha mabua ili upepo usikiangushe, na panda kwa kina kidogo. Mwavuli wenye mistari myeupe nao ugawanywe, kwa sababu watoto wa kichwani mara nyingi hurudi kuwa kijani. Hata kwenye shina lenyewe, bua la kijani tupu likijitokeza likatwe mpaka chini, vinginevyo litawameza wenzake.

Mbegu zinaota, lakini ni ndogo kama vumbi na hazitaki kufunikwa. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa na uziache zipate mwanga. Kwa biashara sishauri.

Maji, udongo na mbu

Kosa la kawaida ni kuupanda mmea huu kwenye kiriba chenye matundu na kuumwagilia asubuhi na jioni kama waridi. Kiriba kiwekwe ndani ya kijaruba: tuta la matofali lililotandikwa nailoni nzito, maji ya sentimita chache yakisimama chini. Ndoo za rangi zilizooshwa vizuri au dumu la lita 20 lililokatwa katikati vinafanya kazi vilevile. Udongo uwe mzito, tifutifu wenye mfinyanzi, na juu yake safu ya kokoto. Mboji nyepesi itaelea na kuchafua maji. Samadi ikizidi, maji yanageuka kijani na kunuka, na kama kuna samaki wanakufa. Konzi moja ya samadi iliyooza vizuri, ikizikwa chini ya mizizi siku ya kupanda, inatosha kwa miezi kadhaa.

Ncha zikikauka na kuwa za kahawia, mtuhumiwa wa kwanza mjini ni maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kwenye chombo kisicho na tundu chumvi haina pa kutokea: maji yanapaa, yenyewe inabaki na kuongezeka. Kusanya maji ya mvua masika na vuli. Ukishindwa, mwaga maji yote ya chombo mara kwa mara na kujaza upya. Mabua yaliyozeeka yakatwe hadi kwenye kitako, na kichaka kilichosongamana kigawanywe kila mwaka.

Sasa mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes, anapenda hasa vyombo vidogo vya majumbani. Anayemuuzia mteja chungu cha maji bila kumwambia hili anamuuzia na ugonjwa. Yai la mbu huyu linahitaji takriban wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu kamili, kwa hiyo beseni la kuoteshea limwagwe kabla ya wiki kuisha. Kumwaga tu hakutoshi. Mayai yamegandishwa kwenye ukingo wa ndani, juu kidogo ya maji, na yanavumilia ukavu kwa miezi. Sugua kwa brashi. Kwenye bwawa weka samaki wadogo kama gapi. Kwenye chungu jaza udongo na kokoto hadi maji yasionekane, mbu akose pa kutagia. Kibaha kuna kiwanda, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kinachotengeneza dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi. Mwenye mabwawa mengi aifikirie.

Sokoni

Msiahidi makuu. Wateja wamesikia kwamba mafunjo husafisha maji machafu, na kweli huko Kirinya, Jinja, nchini Uganda, mafunjo makubwa yamefanyiwa majaribio kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Lakini pale kuna eneo, mtiririko uliopimwa na bakteria walioshikamana na mizizi, ambao ndio wenye sehemu kubwa ya kazi. Vichaka viwili nyuma ya jiko havitasafisha maji ya sinki la familia.

Wala msiupande mwavuli kwenye mfereji wa mtaa. Nchini Australia na kwenye visiwa vya Pasifiki, mwavuli uliotoroka bustani umekuwa gugu la vijito. Kwetu ni mwenyeji, ila mfereji ulioziba hauulizi asili ya kilichouziba, na mafuriko ya Dar tunayajua.

Kuhusu kuhifadhi mama wa mbegu, Misri ni mfano wa kuangalia. Mafunjo yaliyoipa nchi hiyo karatasi zake za kale yalikuwa karibu yametoweka huko, na katika miaka ya 1960 mwanadiplomasia Hassan Ragab ilimbidi achukue miche Sudan ili kuanzisha kilimo upya. Kila bustani iwe na kijaruba kimoja cha mama, kisichouzwa, chenye aina zote tatu zilizopandwa mbalimbali na kuandikwa majina.

Baada ya chai tutahamia uwanjani kwa mazoezi. Vichwa vya mwavuli vimekatwa asubuhi hii na viko kwenye ndoo ya bluu kivulini. Kila mshiriki achukue viwili: kimoja akipindue majini, kingine akichomeke mchangani, aandike tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa chombo, na aondoke navyo vyote viwili ili alinganishe mwenyewe nyumbani.