Silaha Iliyokatazwa Vitani



Aprili 10, 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walipanda jukwaani hapa Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la drama, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakashuka bila kuigiza. Mchezo wao, Echoes of War, ulikuwa umeondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaurudisha. Mwandishi wake, aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku uliotangulia alipokwenda kuwaona wanafunzi hao. Nje, kwenye shule ya Melvin Jones ambako tamasha lilifanyika, polisi walikuwa wakitawanya wananchi na wanahabari kwa vitoa machozi.

Kuhusu sanaa na wanaoiogopa tulisema sana wakati ule, hadi koo zikatukauka. Leo nataka tulitazame kopo lenyewe la kitoa machozi lililorushwa.

Tumezoea kusema gesi, lakini kilichomo ndani ni unga. Huitwa CS, herufi za mwanzo za majina ya Wamarekani wawili, Corson na Stoughton, walioutengeneza mwaka 1928 katika chuo cha Middlebury. Ulikaa miaka mingi bila kazi, mpaka Waingereza walipouchukua katika maabara yao ya kijeshi ya Porton Down miaka ya hamsini na kuufanya silaha. Kwenye makopo mengi, unga huo huchanganywa na kemikali inayowaka, na joto lake ndilo linaloupeperusha kuwa moshi. Ndiyo maana anayeliokota kopo kwa mkono mtupu huungua, na ndiyo maana likitua kwenye nyasi kavu za Januari huweza kuwasha moto. Moshi wenyewe ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutanda chini. Mtu mzima akinyoosha shingo huenda akapata pumzi. Mtoto wa darasa la pili yumo ndani yake mzima mzima.

Na kwa kuwa ni unga, wale mnaojipaka mafuta usoni kabla ya maandamano mnajiumiza bure: mafuta huushika ukakaa. Maji safi, mengi, na usisugue macho.

Sasa, kuna hoja inayopendwa sana mitandaoni, kwamba vitoa machozi haviruhusiwi vitani ila dhidi ya raia vinaruhusiwa. Ni kweli. Mkataba wa Silaha za Kemikali wa mwaka 1993, ulioanza kutumika 1997 na ambao Kenya imeuridhia, unasema hivyo bila kumung'unya maneno. Afisa anayehitimu hapa kwetu Lanet, katika Chuo cha Kijeshi, akipelekwa Somalia kupambana na al-Shabaab, haruhusiwi kutumia kopo hilo kama mbinu ya vita. Polisi aliye Barabara ya Kenyatta, hapa hapa mjini Nakuru, anaruhusiwa kulirusha mbele ya duka la simu.

Wanaoitoa hoja hii, hata hivyo, huishia katikati. Hawaulizi kwa nini vilikatazwa vitani. Mwanajeshi akiona wingu jeupe linamjia hana nafasi ya kupima ni unga wa kuwasha macho au ni sumu ya kuua. Atachukulia ni sumu, naye atajibu kwa sumu. Wafaransa walitumia vitoa machozi mwaka 1914, vita vikiwa vichanga. Aprili 1915 Wajerumani walifungulia klorini huko Ypres, na kutoka hapo dunia ikajua mapafu ya binadamu yanavyooza. Miaka ya sitini Wamarekani kule Vietnam walijaza CS kwenye mahandaki ili adui atoke, na alipotoka alikutana na bunduki. Waliouandika mkataba walikuwa na kumbukumbu hizo zote mezani.

Polisi waliachiwa silaha hiyo kwa sababu ya dhana fulani kuhusu mji. Kwamba mjini aliyefukizwa ana njia ya kukimbilia, na akifika mwisho wa njia hiyo hakuna anayemsubiri na kitu kibaya zaidi. Kwamba aliyerusha yuko chini ya sheria, na anaweza kuulizwa.

Na sisi wa Bonde la Ufa hatuna haki ya kujifanya hatuijui hali ambayo ingefaa kitu kama hicho. Januari 2008, Nakuru na Naivasha, mapanga yalikuwa barabarani na watu walichomwa ndani ya nyumba. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile za baada ya uchaguzi, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Kati ya rungu na risasi lazima pawe na kitu, na nafuu moshi kuliko jeneza. Kwa hiyo sitasema makopo yote yatupwe.

Ila tuipime ile dhana. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walikuwa wakidai uwanja wao ulionyakuliwa. Walifukizwa, wakiwa na sare. Julai 2023, kule Kihumbuini, Kangemi, moshi uliwafuata wanafunzi hadi darasani, na darasa halina mlango wa nyuma. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wake wa silaha hizi mwaka 2020, na unakataza waziwazi kurusha kemikali mahali pasipo na njia ya kutokea.

Na yule anayesubiri mwisho wa njia? Julai 16, 2024, papa hapa mjini Nakuru, mwanahabari wa televisheni alipigwa risasi za mpira pajani akiwa kazini, kizibao kimeandikwa kwamba yeye ni mwanahabari. Risasi ya mpira nayo iko kwenye kundi lile lile la silaha zinazoitwa zisizoua.

Kilichobaki ni kuulizwa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, inamtaka afisa aanze na njia zisizo za nguvu, na nguvu ikitumika ilingane na uzito wa kosa. Waliokuwa nje ya Melvin Jones walikuwa wamefanya kosa gani? Walitaka kutazama mchezo wa watoto wa shule. Sheria hiyo hiyo inataka kifo au jeraha baya litokanalo na nguvu ya polisi liripotiwe kwa IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi. Mwanafunzi mwenye pumu aliyekohoa hadi usiku haingii kwenye ripoti hiyo, wala bibi aliyefunga kibanda chake siku tatu.

Makopo haya, tofauti na mawe yanayorushwa upande wa pili, yana maandishi: jina la mtengenezaji, nambari za utengenezaji, na mara nyingi tarehe ya mwisho wa matumizi. Yalinunuliwa kwa kodi, yakatoka ghala fulani, yakakabidhiwa mikono fulani. Si kazi ngumu, kila baada ya operesheni, kutangaza ni mangapi yalitumika, ni nani aliyetoa amri, na kwa sababu ya tishio gani. Karani wa ghala la mbolea hapa Nakuru hutoa hesabu ya kila gunia.

Namwalika kamanda wa polisi wa kaunti yetu katika studio hii, siku atakayochagua yeye. Sitamuuliza habari za siasa. Aje tu na daftari la makopo la mwaka 2024 na 2025, tulisome naye hewani, ukurasa kwa ukurasa, nanyi mpige simu.