Jokofu Likiharibika: Tulitengeneze au Tununue Jipya?



Leo tunapenda kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini limewatia wengi wetu katika madeni. Jokofu likiacha kugandisha, jioni hiyo hiyo tunasema limekufa, na kesho yake tunakwenda kukopa jipya. Ada ya watoto inageuka kuwa marejesho ya mkopo. Je, tumejua kwanza lina ugonjwa gani?

Sisi wenyewe lilitufika. Nyumbani kwetu huuzwa barafu na juisi, hivyo kila siku bila jokofu ilikuwa hasara. Tulikwisha kata shauri la kulitupa. Fundi alipofika, aliufunga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha akakivuta. Kikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea, na nyuma vumbi lilikuwa limeyafunika mabomba yanayotoa joto. Mpira mpya na brashi vilitosha.

Basi tutofautishe magonjwa. Mpira, thermostati, feni, waya wa umeme: hivi kwa kawaida ni vya gharama ndogo, na kuvibadilisha ni busara. Ama gesi, tujue kwamba haiishi kwa kutumika. Ikipungua, inavuja mahali. Anayeijaza bila kuziba tundu atarudi tena kutudai. Na kama jokofu ni la zamani lenye gesi ya R12, iliyowekewa udhibiti na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni, au kompresa imeungua, hapo hesabu hubadilika.

Wengi hutumia kipimo hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya chombo kipya, na chombo chenyewe kimezeeka, ni afadhali kununua. Tena tuitazame luku. Jokofu kuukuu hula umeme usiku na mchana. Tulichookoa kwa fundi huenda tunakilipa kidogo kidogo kila mwezi.

Ndugu zetu, kung'ang'ania kibovu si uwekevu, na kutupa kinachotengenezeka ni israfu. Tuulize kabla ya kutupa, tuhesabu kabla ya kukopa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuvitunza vyema vyote alivyoturuzuku. Amin.