Kinywa cha Mwigizaji: Lupita Nyong'o na Kiswahili Jukwaani



Taaluma ya Kiswahili imezoea kumpokea Shakespeare kwa njia ya tafsiri. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi naye, mwishoni mwa muongo huohuo, akatafsiri Makbeth na Tufani. Kazi hizo zilidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fikra nzito za tamthilia ya kigeni. Mhadhara huu unachunguza njia nyingine, isiyopitia kalamu ya mfasiri bali kinywa cha mwigizaji. Mwigizaji mwenyewe ni Lupita Nyong'o.

Lupita alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Familia ilirejea Kenya angali mtoto mchanga, naye akakulia Nairobi kati ya Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet katika kundi la Phoenix Players jijini humo. Juliet huyo alizungumza Kiingereza.

Katika filamu alianzia nyuma ya kamera, akiwa msaidizi katika utayarishaji wa The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005. Mwaka 2009 aliongoza filamu ya hali halisi, In My Genes, inayohusu watu wenye ualbino nchini Kenya, na akaonekana katika tamthilia ya televisheni Shuga. Baada ya kuhitimu shahada ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012, aliigiza Patsey katika 12 Years a Slave (2013), nafasi iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwaka 2016 alikuwa kwenye jukwaa la Broadway katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama ya kiisimu. Lupita amesimulia hadharani kwamba alipokuwa Yale alijilazimisha kujifunza lafudhi ya Kimarekani ili apate kazi, na kwamba baadaye aliamua kurudia lafudhi ya Kenya anapozungumza kwa nafsi yake. Kwa mwigizaji, lafudhi ni chombo cha kazi. Lakini pia ni sehemu ya utu wake. Anayeweza kuvaa sauti za watu wote hukabiliwa na swali gumu: sauti yake mwenyewe ni ipi?

Swali hilo lilijitokeza tena jukwaani mwezi Agosti 2025, katika ukumbi wa wazi wa Delacorte, New York. Lupita aliigiza Viola katika Twelfth Night, chini ya uongozi wa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Ndugu yake wa damu, Junior Nyong'o, aliigiza Sebastian, pacha wa Viola. Mapacha hao, waliotenganishwa na ajali ya merikebu katika nchi ya ugenini, walisemezana kwa Kiswahili.

Katika matini ya Shakespeare, mapacha hutambuana kwa ushahidi: alama kwenye kipaji cha baba yao, na umri wa Viola siku baba alipofariki. Katika onyesho hili lugha ikawa ushahidi mwingine. Kiingereza kiliambatana na vazi la kiume ambalo Viola alijifichia; Kiswahili kikawa alama ya nyumbani.

Yamkini mhakiki atapinga kwamba Kiswahili hapo kilikuwa pambo tu, na kwamba lugha ya jadi ya ndugu hao ni Kijaluo. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa sehemu kubwa ya onyesho ilibaki katika Kiingereza. Hata hivyo, kuwa lugha ya undugu kwa watu wenye lugha nyingine za jadi ndiyo historia ya Kiswahili mjini Nairobi.

Kwa hiyo, haitoshi kushangilia kwamba Kiswahili kimefika New York. Inafaa kuuliza kilibeba uzito gani kilipofika. Matini huhifadhiwa maktabani, lakini tamko la mwigizaji hupotea pazia likifungwa. Watafiti chipukizi hawana budi kulisikiliza na kulihifadhi, katika kumbi za nyumbani kwanza, kabla halijapotea.