HOTUBA YA UONGOZI WA TAWI: NAFUU YA KODI KWA WANAOCHANGIA ELIMU

Ndugu wanachama,

Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma hapa kwa ajili ya waliokuwa mashambani, machimboni na safarini. Someni hadi mwisho, na mumsomee mwenzenu asiye na simu janja.

Swali lililoletwa mezani ni hili: mfanyabiashara wa Mpanda akimlipia ada mtoto wa maskini katika shule binafsi, kwa nini asirudishiwe fedha hiyo kwenye kodi? Waliouliza walitaja Marekani, na mfano upo. Jimbo la Arizona lilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1997. Julai 2025 Serikali Kuu ya nchi hiyo nayo ilipitisha sheria: kuanzia 2027, anayechangia taasisi ya ufadhili wa masomo atapunguziwa kodi kwa kiasi kilekile alichotoa, hadi dola 1,700 kwa mwaka. Wanafunzi watakaonufaika ni wa majimbo yatakayokubali kujiunga.

Kabla ya kutamani cha jirani, tuangalie kilichomo nyumbani. Sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001 iliunda mfuko unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA. Fedha zake hujenga madarasa, maabara, mabweni na nyumba za walimu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinamruhusu mwenye biashara kuondoa mchango wake kwa mfuko huo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Akichangia taasisi ya hisani inayotambulika au mradi wa maendeleo ya jamii pia anapata nafuu, ila isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Kumlipia ada mtoto wa jirani kwa mkono wako ni jambo jema na Mungu atakulipa, lakini TRA haitalihesabu.

Sasa tupige hesabu. Kampuni inalipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Ikichangia shilingi milioni 10 kwenye Mfuko wa Elimu, kodi yake inapungua kwa milioni 3. Milioni 7 zimetoka mfukoni mwake kweli. Kwa mtindo wa Marekani, mtu akitoa kiasi kilicho ndani ya kikomo, kodi inapungua kwa kiasi hicho chote. Mfukoni mwake hakijatoka kitu. Aliyetoa ni Hazina, yaani sisi sote, ila aliyechagua fedha iende wapi ni yeye.

Hapo ndipo msimamo wetu ulipo. Mtoaji apunguziwe mzigo, hilo tunaliunga mkono. Arudishiwe yote, hilo hatuliungi mkono. Fedha ya umma ipangiwe matumizi bungeni na kwenye baraza la madiwani, mahali ambapo mwananchi wa Kakese ana mtu wa kumuuliza.

Wapo wanachama wenzetu wanaosomesha shule binafsi. Wanasema: sisi tunalipa kodi, tunalipa ada, na tumepunguza msongamano katika madarasa ya Serikali, mbona hatukumbukwi? Hoja yao ina uzito na hatuibezi. Wengi wao si matajiri. Wameuza mpunga na ng'ombe ili mtoto asome. Lakini nafuu inayotajwa hapa haimfikii mzazi huyo. Kifungu cha 16 kinahusu mapato ya biashara. Mwalimu anayekatwa kodi kwenye mshahara hayumo. Mama mwenye genge, anayekadiriwa kodi kwa mauzo yake, hanufaiki nayo. Mkulima wa mahindi wa Mwamkulu asiyelipa kodi ya mapato hana cha kupunguziwa. Hata tukiipanua kesho, watakaoifaidi kwanza ni wenye kampuni na wahasibu.

Tena tutazame mkoa wetu ulivyo. Tangu 2016 ada ya sekondari za Serikali ilifutwa hadi kidato cha nne, na kuanzia 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Kinachomtoa mtoto wetu shuleni mara nyingi ni umbali. Ukimpa mtoto wa Karema au Mishamo ufadhili wa ada katika shule ya kutwa ya mjini Mpanda, atalala wapi? Atapanga chumba. Utafiti wa Taifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote. Bweni moja lenye matroni na uzio linawalinda wasichana wengi kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tunaelekeza mambo matatu.

Kwanza, wanachama wenye kampuni wawaulize wahasibu wao kuhusu kifungu cha 16, na wakichangia wadai stakabadhi.

Pili, wajumbe wa mashina walete kwa katibu wa tawi majina ya sekondari ambazo wanafunzi wake wamepanga vyumba mitaani. Tutayapeleka kwa madiwani ili halmashauri zetu ziombe mabweni TEA zikiwa na orodha mkononi.

Tatu, mwanachama anayetaka kusaidia ada ya mtoto asikatazwe wala asicheleweshwe. Atoe kwa moyo wake, bila kusubiri kodi.

Mwenye maoni tofauti aje kikaoni aseme. Hoja hujibiwa kwa hoja.

Imetolewa na Uongozi wa Tawi,
Mpanda, Katavi.