Bendera ya Tawi: Mashabiki na Heshima kwa Mwenyekiti Aliyefariki

(Mhadhara wa umma uliotolewa Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda)

  

Jumapili moja mwishoni mwa Juni 2024 nilikuwa hapa nyumbani kwa likizo. Asubuhi simu zikaanza kulia: Yusuf Manji, mwenyekiti wa zamani wa Yanga, amefariki dunia Florida, Marekani, tarehe 29. Umri wake miaka 48. Nikatoka kwenda kwenye tawi la Yanga, maana habari za mpira huwezi kukaa nazo ndani peke yako. Tawi lenyewe mnalijua: benchi mbili chini ya mwembe, kibao cha kijani na njano kilichopauka kwa jua, na mlingoti wa mti wenye kamba ya katani. Nilikuta watu kama kumi na watano wamesimama. Hakuna aliyekaa. Nikajua kuna neno.

Mzee mmoja muuza kahawa alikuwa ameshika ile kamba. "Mwenyekiti akifa, bendera inashuka nusu mlingoti," alisema. "Hilo halina kikao." Kijana mmoja wa bodaboda akamjibu, na alimjibu kwa adabu: "Mzee wangu, mimi shikamoo nakupa kila siku. Lakini hapa hapana. Tulipokuwa tunatembeza bakuli, huyu alikuwa wapi?" Mama anayeuza uji pembeni akasema bila kugeuka: "Mtu hata hajazikwa, mshamfungulia daftari la madeni?"

Asubuhi ile bendera ilishuka, ikapanda saa tano, ikashuka tena adhuhuri, na kila iliposogea kulikuwa na mkono tofauti kwenye kamba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiutafakari ugomvi ule, na leo nataka niueleze ninavyouona. Wengi waliupuuza wakasema ni mambo ya mashabiki. Mimi naamini watu wale walikuwa wanashughulika na swali zito kuliko mengi tunayojadili vyuoni: jamii imheshimu vipi marehemu aliyeijenga na kuiumiza kwa mkono uleule?

Nianze na alichojenga. Mei 6, 2012 Yanga ilifungwa na Simba mabao 5 kwa bila. Wapo humu ndani ambao hawajapona hadi leo. Mwenyekiti wa wakati ule, Lloyd Nchunga, akajiuzulu, na Julai wanachama wakamchagua Manji, mfanyabiashara aliyekuwa ameshaifadhili klabu kwa miaka kadhaa. Mwezi uleule Yanga ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Azam 2-0. Ukafuata ubingwa wa ligi msimu wa 2012/13, kisha mara tatu mfululizo, kuanzia 2014/15 hadi 2016/17. Mwaka 2016 timu ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Juni 28 ilipocheza na TP Mazembe pale Uwanja wa Taifa, mageti yakafunguliwa bure. Yanga ilifungwa 1-0. Lakini kuna watu Dar es Salaam ambao hawakuwa wamewahi kuliona jukwaa la uwanja ule kwa ndani, wakaliona siku hiyo, na mtu wa namna hiyo hasahau nani alimfungulia mlango.

Sasa upande wa pili. Agosti 6, 2016, wiki chache tu baada ya mechi hiyo ya bure, Manji alisimama mbele ya mkutano wa wanachama akaomba akodishiwe timu na nembo kwa miaka 10. Faida ikipatikana, asilimia 75 iende kwake na 25 ibaki klabuni. Hasara, ikiwepo, angeibeba yeye. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, mikono ikanyooshwa, wakakubali. Baadhi ya wazee wakakataa, akiwemo Mzee Ibrahim Akilimali wa Baraza la Wazee, ambaye naye tumeshampoteza. Walizomewa. Waliitwa wachawi wa maendeleo. Mpango wenyewe haukufika popote, ila ufa ulioachwa kati ya wazee na vijana ulikuwa ufa kweli.

Mwaka 2017 ukawa mwaka wa mahakama. Manji alishtakiwa kwa dawa za kulevya, kisha Julai akafunguliwa kesi ya uhujumu uchumi na kuwekwa mahabusu. Septemba kesi ile ya pili ikafutwa, na Oktoba mahakama ikamwachia huru katika ile ya kwanza. Nasema haya kwa sauti kwa sababu pale chini ya mwembe nilisikia mtu akimwita mfungwa, na hilo si kweli. Deni ambalo mtu hana lisiandikwe kwenye jina lake. Mwezi Mei mwaka huohuo alikuwa amejiuzulu uenyekiti, na hapo ndipo maumivu ya yule kijana wa bodaboda yanapoanzia.

Fedha zilikuwa zinatoka mfuko mmoja. Mfuko ulipofungwa, timu ikakauka. Wachezaji walidai mishahara, wengine wakagoma mazoezi. Juni 2018 wanachama walikutana, na badala ya kupanga mrithi, wakakataa barua ya mwenyekiti wao ya kujiuzulu iliyokuwa na umri wa mwaka mzima! Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera akawa mstari wa mbele kuhamasisha michango, na maneno "kutembeza bakuli" yakaingia kwenye lugha ya soka letu. Hapa Misunkumilo bakuli lilipita pia. Nililiona kwa macho yangu: sufuria ndogo ya aluminiamu, ndani yake noti za mia tano zilizokunjwa, na sarafu za watu ambao asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai kavu.

Kijana yule alitoa elfu mbili. Alinionyesha ujumbe wa muamala, bado anautunza kwenye simu. Kwake yeye kushusha bendera ni kusema kwamba elfu mbili ile haikuwahi kutolewa, na kwamba njaa ile haikuwa na chanzo. Mzee wa kahawa naye anakumbuka mabao 5, anakumbuka aibu ya kupita mbele ya tawi la Simba asubuhi ya Jumatatu, na anakumbuka ni nani aliyeifuta. Kwake yeye kuacha bendera juu ni utovu wa shukrani. Wote wawili wana risiti.

Naomba tuitazame pia nafasi yetu sisi wa huku. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Reli yetu hii ya tawi, inayopinda kutoka Kaliua, ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ukafa, treni ikabaki, na ndiyo iliyowabeba baba zetu kwenda kuiona mechi moja katika maisha yao yote. Mikutano iliyowachagua wenyeviti ilifanyika Dar es Salaam, na wenye kadi za uanachama walioweza kuhudhuria ni wachache. Shabiki wa Misunkumilo hakumpigia Manji kura mwaka 2012. Hakunyoosha mkono Agosti 2016. Geti lilipofunguliwa bure halikumfaa, kwa sababu nauli ya kulifikia ilikuwa kubwa kuliko kiingilio. Lakini bakuli lilipotembezwa, lilimfikia. Msiba ulipotokea, ulimfikia. Ndiyo maana ule mlingoti ni mzito kwetu. Ni mahali pekee ambapo uamuzi wa Yanga uko mikononi mwa mtu wa hapa, naye asingekubali upite bila kuulizwa.

Watu wa Simba msijione mko salama. Septemba 10, 2021 alifariki Zacharia Hans Poppe, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya usajili ya Simba, mtu ambaye kwa mashabiki wengi alikuwa Simba yenyewe. Maisha yake sijui ni kibao gani kingeyabeba. Baba yake, ofisa mwandamizi wa polisi, aliuawa na askari wa Idi Amin kule Mutukula mwaka 1971, na maiti yake ikaonyeshwa Kampala kwa madai kwamba ni ya mamluki wa Kichina. Mwana akawa kapteni wa Jeshi la Wananchi. Mwaka 1985 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, kwa njama ya kuipindua serikali ya Mwalimu Nyerere, na mwaka 1995 akaachiwa kwa msamaha wa Rais Mwinyi. Kisha akawapa mamilioni ya Watanzania furaha ya kila usajili mpya. Ukitaka kumheshimu Hans Poppe kwa kutaja vikombe peke yake, umemzika mtu mwingine. Nasi hatuna desturi ya kusimamisha kibao kirefu kiasi hicho.

Mahali pengine mambo haya huwa mepesi. Vichai Srivaddhanaprabha, mwenyekiti wa Leicester City ya Uingereza, alikufa kwa ajali ya helikopta nje ya uwanja wao Oktoba 2018. Klabu ikamjengea sanamu, ikazinduliwa Aprili 2022, na mji mzima ulikuwa pamoja. Aliwapa ubingwa, akafa akiwa bado kazini, deni halikubaki mezani. Hapa kwetu, Julai 2020, Rais Magufuli aliupa Uwanja wa Taifa jina la Benjamin Mkapa siku chache baada ya kifo chake, ingawa Mzee Mkapa alipokuwa hai hakutaka uitwe kwa jina lake. Uamuzi ule ulikuja kutoka juu, ukapokewa. Sisi wa matawini hatuna wa kutuamulia. Lazima tuamue wenyewe, na ndiyo maana tunagombana.

Kuna waliosema: basi tunyamaze, marehemu hasemwi vibaya. Siafiki. Kunyamaza kunampa ushindi mwenye jina kubwa, na anayeumia ni yule mwenye elfu mbili. Wengine walisema: tupige kura, wengi wape. Nalo siliafiki, kwa sababu kura ingewaacha nusu ya watu wa tawi wakiomboleza na nusu wakiwa wamekasirika, halafu wote wanakunywa kahawa kwa mzee yuleyule.

Mimi nasema njia tunayo, na tunayo kwa muda mrefu kuliko tulivyo na mpira. Ni utani. Wanyamwezi walipobeba mizigo kwenda pwani karne ya 19, walifungana utani na Wazaramo na makabila mengine ya njiani, na kazi kubwa ya mtani ilikuwa msibani. Hapa kwetu Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, Wafipa na Wasukuma wanajua ninachosema. Mtani anaingia penye kilio akiwa na ruhusa ambayo ndugu hana. Anavaa koti la marehemu. Anaiga mwendo wake. Anataja ubahili wake, madeni yake, hasira zake, mbele ya mjane na mbele ya watoto, na hakuna anayekasirika, kwa sababu mtani huyohuyo ndiye aliyekuja mapema kuchimba kaburi. Lawama inasemwa na mtu aliyeshika jembe. Ndipo marehemu anapozikwa mzima, na mema yake na mabaya yake, na walio hai wanarudi nyumbani bila fundo kooni.

Tazameni sasa. Soka letu limebeba neno hilohilo. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 tunaziita watani wa jadi. Tumelichukua neno tukalitumia kwa kelele za Jumamosi, tukasahau kwamba mtani ana zamu yake kwenye msiba. Na mimi nililikumbuka siku ile, kwa sababu nililiona likitendeka.

Ilikuwa yapata saa kumi jioni. Bendera ilikuwa juu tena. Kutoka ng'ambo ya barabara akaja mwenyekiti wa tawi la Simba, mzee wa Kikonongo, kanzu yake nyeupe na kofia nyekundu kichwani. Alisalimia, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza. Alisema, huyu bwana wenu alinitesa mimi miaka mitano, Jumatatu zangu zote aliziharibu. Akasema, alitaka kuwakodi nyinyi kama baiskeli ya kukodi, miaka 10, na nyinyi mkapiga makofi. Watu wakaanza kucheka. Akamgeukia kijana wa bodaboda: "Na wewe mjukuu wangu, elfu mbili yako amekwenda nayo. Umdai huko huko." Kijana akacheka, akainama, na alipoinua uso macho yalikuwa mekundu. Mzee akaendelea. Alitaja Mazembe na mageti yaliyofunguliwa. Alitaja mahabusu. Alisema mtu amefia ugenini, mbali na makao ya Yanga pale Jangwani, na kufia mbali ni kazi. Mama wa uji alikuwa ameacha mwiko ndani ya sufuria, anasikiliza.

Alipomaliza hakuna aliyetoa amri. Yule kijana aliinuka, akaenda kwenye mlingoti, akaanza kuhangaika na fundo, maana kamba ya katani ilikuwa imekaza kwa kupandishwa na kushushwa siku nzima. Mzee wa kahawa akaenda kumsaidia. Wakaishusha hadi nusu, wakafunga kwa mikono minne.

Mtani akabaki amekaa. Akadai ujira wake, kama ilivyo haki ya mtani, na akasema haondoki hadi alipwe. Tukachanga pale pale. Ilipatikana elfu tatu na mia tano, na kijana wa bodaboda alikuwa wa kwanza kutoa.