Hotuba ya Mwenyekiti: Kupima Damu kwa Ajili ya Mawazo



Mahesabu ya miaka kumi atayasoma Mweka Hazina. Mimi nina jambo moja. Siku hizi mikopo ya dharura imeanza kuombwa kwa sababu mpya, eti "kupima homoni za mawazo." Nimewauliza wauguzi, nami nawaeleza nilivyoelewa.

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo. Inatoa homoni iitwayo kotisoli, inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa, njaa na hofu. Asubuhi inakuwa nyingi, usiku wa manane inashuka sana. Ndiyo maana damu hutolewa kama saa mbili asubuhi. Ukipimwa ovyo mchana, jibu halisemi mengi. Tena malaria inaipandisha, hata kuogopa sindano tu. Sasa mama aliyelala dunguni wiki nzima akilinda ndege wasile mpunga, na rejesho linamsubiri, apimwe nini? Mawazo yake tunayajua bila sindano! Aje kwenye kamati tumwongezee muda.

Siyo kwamba tunaogopa vipimo. Waswisi walifungua maabara yao hapa Ifakara miaka ya 1950, na sisi tumekua tukichomwa vidole.

Na hicho cha kotisoli kina kazi yake, jamani, hapo tusicheke. Mkorogo! Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, dawa inayofanya kazi kama kotisoli. Inapenya kwenye ngozi. Ukijipaka mwili mzima miezi na miezi, zile tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Siku ukiacha ghafla, au ukiugua, zinaweza kushindwa kuamka: unaishiwa nguvu, unatapika, presha inashuka, hata kufa unaweza. Vidonge vya prednisoloni vya muda mrefu ni vilevile. Usiache mwenyewe. Mpelekee daktari na kopo lenyewe alione, akupunguzie taratibu, na kile kipimo cha asubuhi kitamwonyesha kama tezi zimeamka.

Kifua kikuu nacho kinaweza kuziharibu. Daktari Thomas Addison wa London aliuandika ugonjwa wa tezi hizo mwaka 1855: mtu anakonda, analegea, ngozi inazidi weusi. Huku kwetu atasemwa karogwa.

Kwa hiyo kamati imeamua: mwenye cheti cha daktari anakopeshwa siku hiyohiyo. Mwenye karatasi ya muuza dawa wa kutembeza, hapana.